Eti "picha zitarudi zenyewe"! Huyu mtu wa kufuta simu za watu atazuiwa lini?

WayaMweupe (mleta mada)

Wakuu, leo sisalimii mtu.

Mnamjua. Simtaji, maana akitajwa anakuja mbio akidhani kaitwa kupokea tuzo. Yule ambaye simu ikipata joto, dawa ni kuirudisha kiwandani, yaani kuifuta yote ibaki kama ilivyotoka dukani. Kioo kikipasuka, kiwandani. Chaja ikipotea, kiwandani. Siku mwenye simu akifariki, huyu atashauri marehemu arudishwe kiwandani kisha awashwe upya.

Sasa uzi wa jirani kuna dada kauliza swali la kistaarabu kabisa. Simu yake ya Android ikichomekwa kwenye laptop ya Windows inachaji, ila kwenye kompyuta haionekani, na yeye anataka kutoa picha. KUTOA PICHA. Hajaomba kingine. Jamaa kaibuka na mstari mmoja: rudisha simu kiwandani halafu chomeka upya. Akaambiwa kwa upole kwamba picha zote zitafutika. Akajibu:

"Picha zitarudi zenyewe."

Zitarudi zenyewe! Kwani zimetumwa dukani? Zinarudi kutoka wapi, na nani atazifungulia mlango? Simu za miaka hii zinahifadhi faili kwa usimbaji fiche. Ukirudisha kiwandani, simu inatupa funguo za usimbaji, na kinachobaki kwenye chipu ni makapi ambayo hakuna programu ya kufufua faili inayoweza kuyasoma. Ukiifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni badala ya kupitia mipangilio, ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Umesahau nenosiri? Hongera, una tofali lenye kamera tatu.

Aliyemsahihisha kaitwa "fundi wa mdomo". Aliyesema picha zitarudi zenyewe kabofyewa asante. Na watu wazima!

Dada alihitaji sekunde kumi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta inaanza na chaji tu, kwa makusudi, ili kompyuta ya mtu baki isichungulie yaliyomo. Fungua kioo kwa PIN, maana ikiwa imefungwa haitoi faili hata ungelia. Vuta pazia la arifa, gusa arifa ya USB, chagua kuhamisha faili. Basi. Kama inakera kufanya hivyo kila siku, ingia Kuhusu Simu, gusa nambari ya muundo mara 7, kisha kwenye chaguo za wasanidi zitakazofunguka tafuta mipangilio chaguomsingi ya USB na uweke kuhamisha faili.

Lakini hapana. Picha zitarudi zenyewe.

Kimyakimya

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

PiniYa24

Mkuu hasira zako halali, ila na wewe umeruka kebo. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya kurudi, halafu kijani na nyeupe ndizo za data. Kebo za chaji tu zinakuja na nyekundu na nyeusi peke yake. Umeme unapita, simu inachaji vizuri, na kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Dalili yake: ukichomeka, kwa kawaida arifa ya USB haitokei kabisa. Simu inaonyesha alama ya betri tu. Hapo usihangaike na mipangilio, hakuna pa kugusa. Chukua kebo ambayo umeiona kwa macho yako ikihamisha faili kwenye simu nyingine. Na tafadhali, unene wa kebo si kipimo. Kuna kebo nene kama kamba ya kufungia mashua na ndani zimo nyaya mbili.

Zengwe

Mleta mada punguza moshi. Mtu kakosea mara moja, unamfungulia uzi mzima? Yule amesaidia wengi humu.

WayaMweupe

Amesaidia wengi kufanya nini, kuanza maisha upya? Kasema PICHA ZITARUDI ZENYEWE, Zengwe. Zenyewe. Kwa miguu.

Zengwe

Kuna mahali inasaidia. Simu ikigoma kabisa, unairudisha kiwandani.

WayaMweupe

Na kichwa kikiuma unakata shingo.

MamaDraiva

Mimi wanaonichosha ni wale wa "pakua pakiti ya draiva". Draiva (programu ya kuitambulisha simu kwa kompyuta) ya MTP, njia ambayo simu hutumia kuhamisha faili kwa USB, imo ndani ya Windows tayari! Mtu anapelekwa kwenye tovuti yenye vitufe saba vya kupakua, sita ni matangazo na cha saba ni virusi.

Bonyeza Windows na X, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), simu ikiwa imechomekwa na umeshachagua kuhamisha faili. Ukiona kifaa chenye alama ya njano, bofya kulia, sasisha draiva, tafuta kwenye kompyuta hii hii, chagua kutoka kwenye orodha, kisha MTP USB Device. Ikikataa, kiondoe kifaa hicho kwenye orodha, chomoa simu, washa kompyuta upya, chomeka. Draiva itajiweka.

Na msome namba ya kosa jamani, haikuwekwa pale kama pambo. 28 maana yake draiva haipo. 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, mara nyingi dawa ni hiyo niliyosema juu. 43, hasa ikiambatana na maneno kwamba kifaa hakijulikani, mara nyingi si draiva hata kidogo: simu imejaribu kujitambulisha na maneno yamekatikia njiani. Hapo badilisha kebo, hamia tundu jingine la kompyuta, ondoa hub (kile kigawanya matundu ya USB).

Halafu kuna toleo la Windows lenye herufi N mwishoni. Hilo limetolewa bila vifaa vya media, na MTP imo humo humo. Mtu anaweza kubadili kebo ishirini na simu isionekane. Ingia kwenye mipangilio ya vipengele vya ziada, ongeza Media Feature Pack, washa upya.

Kijiti

Mnalia na draiva wakati tundu la simu limejaa pamba ya mfukoni! Ukichomeka kebo usisikie ule mlio mdogo wa kukaa, au kichwa cha kebo kikibaki nje milimita moja hivi kuliko zamani, huo ni uchafu ulioshindiliwa. Kila ukichomeka unaushindilia zaidi, kama mtu anayejaza godoro.

Zima simu. Si kufunga kioo, ZIMA. Mulika tundu kwa tochi. Kwa kijiti cha mbao kwangua taratibu kwenye sakafu ya tundu na pembeni. Kwenye Type-C kuna ulimi mwembamba katikati, pini zimo juu yake, usiuguse kwa nguvu. Utashangaa kinachotoka humo.

Na nyie wa sindano na pini za nguo, siku yenu inakuja. Chuma kinakwangua pini na kugusanisha zilizo jirani, halafu mnakuja humu kuuliza kwa nini simu inasema kuna unyevu.

Mcheshi_Baridi

Nimejaribu kuurudisha uzi huu kiwandani, umegoma. Naamini maoni yatarudi yenyewe.

WayaMweupe

Angalau wewe umeelewa mada.

PiniYa24

Kijiti kaongea. Niongeze: Type-C ikisoma data upande mmoja tu, ukiigeuza inakataa, usilaumu kompyuta. Tundu lina jozi mbili za pini za data, juu na chini ya ulimi, ila kichwa cha kebo kina jozi moja tu. Kwa hiyo ukigeuza kebo unatumia pini nyingine za simu. Upande unaokataa una uchafu, kutu, au umelika. Na kwenye simu nyingi tundu limekaa kwenye kibao chake kidogo, si kwenye bodi kuu. Fundi akikuambia "bodi imekufa" kabla hajabadilisha kibao hicho, chukua simu yako uondoke.

TundaLilongatwa

Nyie wa Windows mna bahati mnalalamika. Mac haisomi MTP kabisa. Unachomeka, kimya, kama umechomeka ukutani. Ile programu ya zamani ya Google ya kuhamisha faili iliondolewa 2024, na hata ilipokuwapo ilikuwa haipitishi faili la zaidi ya GB 4. Sasa ni OpenMTP au programu za kulipia. Huu ndio uzi uliotakiwa kufunguliwa, si habari za mtu mmoja.

PasuaKernel

Wa Mac mnalia mlichonunua wenyewe. Linux unachomeka, inasoma. Isiposoma, fungua terminali, andika dmesg -w (inaonyesha papo hapo kompyuta inachokiona), ndipo uchomeke. Usipoona mstari hata mmoja mpya, ni kebo ya chaji au tundu limekufa. Ukiona error -71 inajirudia, mawasiliano yanakatika njiani: kebo, hub au tundu. Ukiona simu imetambulika ila faili hazionekani, hujafungua kioo au hujachagua kuhamisha faili. Dakika moja umejua mgonjwa ni nani. Windows inakupa mlio wa "diding" na dua.

TundaLilongatwa

Linux inasoma simu ila haisomi printa. Tulieni.

PasuaKernel

Printa imeingiaje hapa?

Nusu_Asilimia

Tukiwa kwenye kulalamika, na iPhone je? Inaonyesha ujumbe wa kuamini kompyuta hii, ukiukosa ukagusa usiamini, basi kompyuta haitaona kitu. Dawa: mipangilio ya jumla, kuweka upya, chagua mahali na faragha, chomeka tena, ujumbe unarudi. SI kufuta simu. Na ile ya picha kunakilika nusu halafu Windows inasema kifaa hakifanyi kazi: ingia mipangilio ya Picha, chini kabisa kwenye kuhamishia Mac au PC, weka kubakiza faili asilia. Chanzo chake ni simu kubadilisha picha kutoka HEIC, muundo wa picha wa iPhone, kuwa JPEG papo hapo wakati inanakili, ikichelewa Windows inakata tamaa.

Zengwe

Mnajitesa. Tumieni Bluetooth.

PiniYa24

Zengwe, GB 10 za picha kwa Bluetooth ya megabiti 2 kwa sekunde ni kama saa 11. Kwa USB 2.0 ikitoa megabaiti 30 kwa sekunde, ni dakika tano na nusu. Utaanza asubuhi na simu ipige simu usiku ikikuomba msamaha.

Mcheshi_Baridi

Ndani ya saa 11 picha zinaweza kabisa kurudi zenyewe.

WayaMweupe

Tunatoka nje ya mada. Hoja ni kwamba kuna mtu ANAFUTISHA picha za watu na anabofyewa asante. Wasimamizi mko wapi? Dada wa watu asingeshtuliwa saa hizi angekuwa anasubiri picha mlangoni.

MamaDraiva

Mkuu tumekusikia. PiniYa24, hiyo dakika tano ni ya faili kubwa. Picha ndogo ndogo elfu kadhaa kwa MTP inaburuta miguu, na Windows inakaa inahesabu tu kabla ya kuanza. Inashughulikia faili moja moja. Mtu anadhani imeganda, anachomoa kebo, ndiyo faili nusu nusu hizo.

PasuaKernel

Ndiyo maana watu wazima wanatumia adb, zana ya kuiamuru simu ya Android kwa maandishi kutoka kwenye kompyuta. Washa utatuzi wa USB kwenye chaguo za wasanidi, andika adb devices. Ikisema unauthorized, tazama kioo cha simu, kuna ruhusa inasubiri. Isipotokea, kwenye chaguo za wasanidi batilisha ruhusa zote za utatuzi, chomoa, chomeka. Kisha adb pull -a /sdcard/DCIM, folda ya picha za kamera. Hiyo -a inabakiza tarehe za faili, la sivyo faili zote zinasoma tarehe ya leo. Ukimaliza zima utatuzi.

WayaMweupe

Ila semeni wazi kwamba utatuzi wa USB HAUHITAJIKI kwa kuhamisha faili kwa kawaida. Maana yule naye anausema kila siku, akitoka hapo anafuta.

PasuaKernel

Kweli, ni kwa adb tu.

WayaMweupe

Na picha za WhatsApp ziko nje ya DCIM. Tangu Android 11 ziko Android/media/com.whatsapp. Pull hiyo itaziacha.

PasuaKernel

Unaongeza mstari wa pili wenye njia hiyo, unakwisha.

Nusu_Asilimia

Kuna ya simu kuonekana dakika mbili kisha kutoweka, hiyo mbona hamjaigusa?

MamaDraiva

Kwenye Device Manager fungua USB Root Hub, sehemu ya usimamizi wa umeme, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Fanya kwa kila hub iliyoorodheshwa. Ikiendelea, tikisa kebo kidogo karibu na simu: ikikatika na kurudi, ni tundu.

Kijiti

Nilisema tangu juu. Tundu.

Zengwe

Si unapuliza tu kwa mdomo.

Kijiti

Unapuliza mate ndani ya pini zenye umeme, Zengwe. Hizo kutu anazosema PiniYa24 zinatoka wapi?

WayaMweupe

Kijiti, vya meno vile vya duara vinafaa?

Kijiti

Ni vinene kwa Type-C, haviingii kando ya ulimi. Kichonge ncha iwe bapa kwanza.