Naomba ushauri: mto wa kuvua kwa ndoano karibu na Nairobi, kwa mzee na mjukuu wake

Binti wa Nzoia

Wadau, hamjambo. Nina ombi.

Baba yangu alihamia kwangu Umoja baada ya mama kufariki. Ni mtu wa Bunyala, amekulia ukingoni mwa Mto Nzoia, na uvuvi wake ulikuwa wa ufito na ndoano, si wa nyavu. Akianza kusimulia jinsi samaki wanaoitwa ningu walivyokuwa wakipanda mto msimu wa mvua kwenda kutaga, kijana wangu wa darasa la sita anaweka simu chini na kusikiliza. Hapa mjini mzee anashinda barazani akitazama kuta za majirani. Halalamiki, ila mimi naona anavyofifia.

Nataka niwapeleke wote wawili mtoni Jumamosi moja, twende asubuhi turudi jioni. Ndugu yangu atatuazima pikapu. Kuna mambo yananitatiza. Goti la mzee ni bovu, hawezi kuteremka mabonde. Vijana huku Njiru wanavua kambare kwenye Mto Nairobi na kuwauza. Je, wale wanalika? Na kuna leseni ya kuvua kwa ndoano tu? Halafu kijana mwenyewe anapenda ndege na wanyama kuliko hata samaki, kwa hiyo ningefurahi kupata mahali penye vitu vya kumwonyesha, lakini nisije nikampeleka mdomoni mwa mamba.

Asanteni.

Kijana wa Ruai

Dada, kuhusu kambare wa Njiru nakujibu bila kuzunguka: msile.

Nimezaliwa huku na najua yale maji yanakotoka. Mto ukitufikia umeshapita katikati ya jiji, umepita Gikomba, umepita kando ya jaa la Dandora. Watu husema ukikaanga vizuri vijidudu vinakufa. Sawa, vijidudu vitakufa. Risasi na metali nyingine nzito hazifi kwa moto wala kwa mafuta. Kambare hula chini kwenye tope, na kilichotuama kwenye tope kinahamia mwilini mwake. Kule kunona kwake kusikudanganye. Yule samaki ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaishi kwenye maji ambayo wenzake walikwisha kufa. Mtoto asionje hata kipande.

Kwa ndege peke yake, mabwawa ya majitaka hapa Ruai yana bata na korongo wa kila aina, na wapenda ndege huja na darubini zao. Lazima muombe ruhusa langoni. Ndoano muache nyumbani, kwani humo mna viboko.

Fundi Mshipi

Binti, karibu sana. Umeuliza jambo lililo moyoni mwangu.

Kanuni ninayoifuata ni kwenda kwenye maji ambayo hayajapita mjini. Mito yetu yote, Mathare, Ngong, Mbagathi, Nairobi yenyewe, inaishia Athi. Athi hiyo hiyo huko mbele inaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi inamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ukiufuata mto kuelekea chini, uchafu wa jiji unakwenda nawe mbali sana. Elekea milimani.

Mimi hupenda Gatamaiyu, kwenye msitu wa kusini mwa Aberdare. Maji baridi, unaona mawe chini, na kuna samaki aitwaye trauti. Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuwekwa Mto Gura, na kutoka hapo wakasambazwa kwenye mito mingine ya milima. Juu ya kichwa chako mbega wanaruka na yale manyoya yao meupe ya mgongoni. Kijana hatasahau.

Mama Shiru

Fundi, Gatamaiyu ni kuzuri, lakini msomee tena dada yetu. Goti bovu! Kule kuna utelezi na mteremko, na akishuka nani atampandisha? Halafu trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia na ufito maalumu wa kurusha. Mzee wa ufito na mnyoo hawezi kuanza shule upya siku moja.

Mtu mwingine atakuja hapa kuwaambia Fourteen Falls kwa kuwa ni karibu. Naishi Thika, nawaambieni mapema: yale maporomoko yako kwenye Athi, na Athi inaleta vyote alivyovitaja kijana wa Ruai. Kiangazi povu linasimama na harufu inakupokea kabla hujafika. Inaniuma kila nikipita, kwa sababu Mungu alipapendelea mahali pale na sisi tumepafanya vile.

Mpelekeni Sagana.

Fundi Mshipi

Kwa goti hilo, Sagana ndiyo. Ni mwendo wa barabara nzuri, mnapita Thika, Kenol, Makutano. Mto unatoka Mlima Kenya na ndio Tana ikiwa bado changa. Kuna kambi za wageni zilizo ukingoni kabisa. Mnalipa kiingilio, gari linafika karibu na maji, kuna choo na kivuli. Muulizeni mwenye kambi kama anaruhusu kuvua, na epukeni upande wanaoteremkia watu wa mitumbwi ya mipira, maana pale maji yana kasi na samaki wamezoea kukimbia kelele.

Samaki mtakaokutana nao ni barbasi na kambare. Barbasi ana magamba makubwa yanayong'aa kama shaba na sharubu fupi mdomoni. Huyu anapenda maji yanayokwenda, kwa hiyo mzee atafute mahali ambapo mkondo mkali unapakana na maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe kubwa au mti ulioanguka. Samaki hukaa penye utulivu akingoja mkondo umletee chakula. Chambo ni nyungunyungu, au ugali uliopondwa hadi ukawa mgumu kama udongo wa kufinyanga. Boya dogo, chubwi dogo, mwache chambo kielee na mkondo karibu na chini. Barbasi hagusi-gusi, akichukua, anachukua na kukimbia, na mkono unajua.

Kambare mtafuteni alasiri jua likilegea, kwenye kina kilichotulia, chambo kikilala chini kabisa. Matumbo ya kuku yanamvuta vizuri. Mwambieni kijana asimshike ovyo: mapezi ya kifuani yana mwiba, na ukimchoma mtu unauma siku nzima. Mzee bila shaka anajua.

Msiende katikati ya mvua za masika wala za vuli. Mto unageuka rangi ya chai ya maziwa na kujaa matawi. Januari na Februari ni nzuri, hata Julai hadi Septemba ikiwa mtavumilia baridi ya asubuhi.

Mwana wa Masinga

Naomba niongezee kuhusu usalama, kwa kuwa kwetu tunazika watu.

Sagana yenyewe ikishuka inaingia bwawa la Masinga. Huko chini, na kote kuelekea hifadhi ya Mwea, viboko na mamba wapo wa kutosha. Hata mkiwa juu, mkifika mahali popote pa maji, waulizeni wenyeji kabla ya kukaa. Msimuulize mtu mmoja. Muulizeni anayechota maji na anayelisha ng'ombe, hao ndio wanaojua.

Kiboko mchana yuko majini, jioni anatoka kwenda kula nyasi, na alfajiri anarudi. Njia yake utaitambua: ni mfereji uliochimbika kwenye ukingo, nyasi zimelala, na kinyesi kimetapanywa vichakani. Ukiona hivyo, ondoka, usiweke kigoda. Kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, kwake wewe ndiye uliyemzibia nyumba. Mkunje mishipi jua likiwa bado juu. Na mtoto asiingie majini. Kwenye maji yaliyotulia kuelekea Mwea kichocho kipo tangu zamani.

Afisa Mstaafu

Suala la leseni. Ndiyo, uvuvi wa burudani unahitaji leseni hata kama ni ndoano moja. Sheria inayotumika ni ile ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Nendeni ofisi ya uvuvi ya kaunti mnayokwenda, mlipe, mpewe karatasi. Mkivua ndani ya msitu wa serikali au mbuga, kuna kiingilio chao kando. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni marufuku. Mkikuta mtu anazitumia msijiunge naye hata akiwapa samaki.

Kereng'ende

Mwalimu wa sayansi hapa. Nimefurahi sana kusoma kuhusu kijana. Naomba mumpe daftari na penseli, kwa sababu ukingo wa mto utamfundisha kuliko mimi darasani.

Aanze na mdiria, ndege mla samaki. Sagana kuna yule mweupe na mweusi anayesimama hewani mabawa yakitetemeka, kisha anajitupa majini kichwa kwanza. Akiona mdiria amechagua tawi moja na kurudi hapo hapo, amwambie babu yake: samaki wadogo wako chini ya tawi hilo, na wakubwa hawako mbali. Mnandi atamkuta amesimama juu ya jiwe amefungua mabawa kuyaanika. Atafute fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kisogo kilichochongoka. Kiota chake ni rundo la vijiti kubwa kiasi cha kumbeba mtu mzima, kwenye uma wa mti. Na wakisikia mlio mkali unaopasua anga, watazame juu, huyo ni furukombe, tai mla samaki.

Fisi maji ni vigumu kumwona, lakini anaacha alama. Kwenye mawe bapa kando ya maji mtakuta kinyesi kilichojaa vipande vya magamba ya kaa. Hapo amekula usiku uliopita. Kenge mtamwona akiota jua, na akishtuka atajitupa majini kwa kishindo. Kijana asidhani ni mamba, ingawa kurudi nyuma kwanza ni busara.

Na kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Wageuze jiwe moja la pembeni, pale maji yanapofika kifundo cha mguu. Wakikuta vibuu bapa vyenye mikia mitatu vimeng'ang'ania chini yake, maji hayo yana afya. Vibuu hivyo havivumilii uchafu. Wafanye hivyo Sagana, halafu siku nyingine amtazame marabu pale karibu na uwanja wa Nyayo, ndege mkubwa anayeishi kwa takataka zetu. Ataelewa mwenyewe mto unapotoka mlimani unakuwa nini na ukipita kwetu unakuwa nini. Jiwe walirudishe lilivyokuwa.

Binti wa Nzoia

Nimemsomea mzee kila kitu jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama Sagana kuna ningu. Pia anasema nyungunyungu wa Umoja hawafai, anataka wa shambani.

Afisa Mstaafu

Ningu wa Nzoia ni wa mito ya Ziwa Victoria peke yake, na hata kule wamepungua sana tangu watu walipoanza kutega nyavu kwenye milango ya mito wakati wa kupanda kutaga. Mwambie mzee tunalijua hilo na linatuuma. Lakini Tana ina binamu zake, samaki wa mdomo wa chini anayekwangua ukoga kwenye mawe. Akimpata atamtambua mara moja.

Kuna na mkunga wa maji baridi, mrefu kama nyoka. Huyo huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda Tana akiwa mdogo kama uzi, hukaa mtoni miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga. Mabwawa yamemfungia njia, kwa hiyo ni wa bahati. Akishika ndoano, mrudisheni.

Mama Shiru

Nyungunyungu nitawachimbia mimi. Shamba langu liko njiani, chini ya migomba kuna wanono. Niandikie ujumbe wa faragha mkishapanga siku, na mniletee kopo lenye mfuniko uliotobolewa.

Binti wa Nzoia

Mama, ubarikiwe. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Swali la mwisho: ndoano za ukubwa gani?

Fundi Mshipi

Ndogo kwa barbasi, mdomo wake si mkubwa. Ndoano inayofichika ndani ya nyungunyungu mmoja inatosha. Kwa kambare chukua kubwa na mshipi mnene zaidi. Beba koleo ya kutolea ndoano, kigoda cha mzee, na kofia mbili.