Bastola ndogo ya kubeba kwa siri: rivolva ya risasi tano au bastola ya magazini?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimekwisha kupata leseni ya kumiliki na kubeba silaha kwa ajili ya kujilinda, na mafunzo ya msingi nimeyamaliza, lakini hadi leo sijanunua bastola kwa sababu kila ninayemuuliza hunipa jibu linalopingana na la aliyemtangulia. Mimi ni mwanamke mwenye viganja vidogo. Katika mafunzo nilitumia bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kawaida na shabaha yangu ilikuwa nzuri, ila kuvuta slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, ili risasi ya kwanza iingie chemba nyuma ya mtutu kulinitoa jasho. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue bastola ndogo kabisa ya .380 (risasi fupi kuliko ile ya milimita 9) inayoenea kiganjani, akisema ndiyo inayowafaa wanawake, wakati rafiki yangu anasisitiza rivolva ya risasi tano, ile ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, kwa kuwa haina slaidi ya kuvuta. Ningependa kuwasikia waliobeba kwa miaka mingi: nikichagua udogo, ninapoteza nini?

Jibu la kwanza

Dada yangu, unapoteza utulivu wa mkono, na hilo muuzaji hakukwambia. Nguvu inayoisukuma risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayoirudisha bastola nyuma, kwa hiyo kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo teke lake linavyokuwa kali. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua bastola ya .380 isiyofika hata gramu 300, nikaifurahia sana dukani. Uwanjani, kidole changu cha mwisho kilikosa pa kushika na kikabaki kinaning'inia chini ya mpini. Kufikia magazini ya tatu, ngozi iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imechubuka, nami nilikuwa nimeanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Niliacha kuifanyia mazoezi, ingawa kila siku niliendelea kuibeba mfukoni, na leo naona huo ulikuwa uzembe mkubwa.

Kuhusu slaidi, usidhani kwamba bastola ndogo ni laini zaidi. Zipo bastola za .380, kama ile ya zamani Walther PPK, ambazo slaidi yake huzuiwa na springi na uzito wake tu wakati risasi inapolipuka, hivyo springi hulazimika kuwa ngumu. Nyingine, kama Glock 42 iliyotoka mwaka 2014, hufunga mtutu na slaidi pamoja kwa kitambo kidogo kabla ya kuviachia, na kwa sababu hiyo springi yake inaweza kuwa laini zaidi na teke likapungua. Kaliba, yaani kipimo cha risasi, ni moja, lakini mkono unahisi vitu viwili tofauti kabisa. Smith & Wesson nao walitoa mwaka 2018 bastola ya .380 waliyoiita Shield EZ, waliyoiunda makusudi kwa watu wanaopata shida kuvuta slaidi. Si ndogo kuliko zote, na huo ndio wema wake.

Jambo jingine ni namna ya kuvuta. Isogeze bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa nje ya triga, kamata slaidi kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole, kisha sukuma mpini mbele kwa nguvu huku mkono ulioshika slaidi ukivuta nyuma. Wengi walioniambia hawawezi waliweza siku hiyo hiyo.

Jibu la pili

Mimi hubeba rivolva, na bado sikushauri uanze nayo. Ni kweli kwamba haina slaidi, na risasi moja ikigoma unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Lakini rivolva nyepesi kama Smith & Wesson 642, yenye gramu 425 hivi, risasi tano za aina ya .38 Special na nyundo iliyofichwa ndani isinase kwenye nguo, ina triga ndefu na nzito, nzito karibu mara mbili ya triga ya bastola nyingi za kisasa. Uzito huo lazima uuvute kwa kidole kimoja, kila risasi, bila kuyumbisha mtutu ambao ni mfupi kama kidole gumba. Vilengeo, cha mbele na cha nyuma, navyo viko karibu sana kimoja na kingine, kiasi kwamba kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Watu huiita silaha ya wanaoanza kwa sababu ni rahisi kuielewa, wakasahau kwamba kuielewa na kuipiga ni mambo mawili.

Kama ningekuwa wewe, ningejaribu bastola za milimita 9 zenye uzito wa nusu kilo hivi. SIG P365 ilipotoka mwaka 2018 ilibeba risasi 10 katika umbo ambalo awali lilikuwa la risasi sita au saba.

Jibu la tatu

Naongeza kuhusu ala, yaani mfuko maalumu wa kubebea bastola, maana wengi huinunua mwishoni kwa fedha zilizobaki. Ala nzuri hufunika triga yote, haibonyei bastola inapotolewa, na huishika isidondoke hata ukikimbia. Bastola isikae mfukoni au mkobani pamoja na funguo au kalamu. Mimi mwenyewe nilipata kukuta kifuniko cha kalamu kimeingia kwenye kikingio cha triga, na tangu siku hiyo mfuko wenye bastola hauna kitu kingine. Uvae pia mkanda mgumu. Mkanda laini huilegeza bastola ikainamia nje, na umbo lake likaonekana kwenye nguo, hata kama bastola yenyewe ni ndogo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nimekwenda uwanjani nikakodi tatu: rivolva nyepesi, .380 ndogo kabisa, na ya milimita 9 yenye uzito wa nusu kilo. Nilipiga risasi tano tano kwa kila moja katika umbali wa mita saba. Za rivolva zilisambaa karatasi nzima, za .380 zilishuka chini kushoto, na za milimita 9 zote zilifunikwa na kiganja changu. Slaidi nayo imekubali kwa njia mliyonielekeza. Je, niinunue sasa?

Jibu la kwanza

Bado, dada. Rudi siku nyingine upige risasi 100 kwa hiyo ya tatu, na za mwisho uzipige kwa mkono mmoja. Mkono ukiwa bado unaitaka, inunue pamoja na ala yake siku hiyo hiyo.