Wauza pikipiki za porini mnatuona mazuzu, hasa sisi tunaorudia pikipiki ukubwani

Wakuu habari za muda huu, leo nina hasira kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni mtu mzima, arobaini na ushee, ujanani nimeendesha sana Honda XL 125 ya mzee aliyokuwa nayo enzi za ubwana shamba, baadae yakaja mambo ya familia na gari, pikipiki nikaacha kabisa. Sasa nataka kurudi, siyo mashindano, siyo kuruka matuta, nataka ya kupanda nayo milima ya Uluguru hapa Morogoro wikendi na nikipata likizo niende nayo Lushoto, basi.

Nikampigia muuzaji mmoja wa Dar nikamwambia waziwazi nataka ya mipigo minne siyo ya kuchanganya oili kwenye petroli, inayopoa kwa upepo, kiti kisiwe juu sana, iwe na stata maana goti langu siyo la kupiga kiki kwenye mteremko, na kadi ya usajili iwepo. Jibu: "bosi hiyo ninayo, cc 250, kali, tuma kishika uchumba kuna mtu anaitolea macho". Nikatuma hiyo hela ya kuishikilia, nikatoka zangu Morogoro, nafika naoneshwa MOTOKROSI, ya mbio za uwanjani! Haina taa, haina indiketa, haina hata stendi imeegemezwa ukutani, rejeta mbili ubavuni (yaani inapoa kwa maji), kiki tupu. Nauliza kadi naambiwa "hilo tutaongea". Tutaongea nini sasa, mimi nitapitaje Msamvu na kitu hakina hata taa? Hela naidai mpaka leo, kila nikipiga "kesho bosi".

Na siyo huyo tu, wengi wenu kila kitu chenye madigadi ya juu na tairi za vinundu mnaita ya porini. Honda CRF250R au Yamaha YZ250F ni mashine za mbio, kiti kiko kama sentimita 95 kutoka chini, oili inahesabiwa kwa masaa siyo kilomita, pistoni nayo ina ratiba yake ya kubadilishwa, na nguvu zote zimekaa juu injini ikizunguka kasi sana, ukienda taratibu kwenye mawe inakuzimikia, ukiongeza kidogo inataka kukutoroka. Nani anamuuzia hiyo mtu ambaye hajashika klachi miaka yote hiyo?

Wakati zipo za kueleweka! Yamaha Serow ya zamani ni cc 223, inapoa kwa upepo, kiti kama sentimita 81, unaweka miguu yote chini. TT-R230 nayo ni cc 223, ina stata, kiti sentimita 87 (ila kiwandani haitoki na taa, hiyo mseme mapema). Honda XR150L ina stata na kiki vyote, ina taa, kiti 82 hivi. Hizo ukishuka mlima ukaweka gia ya pili ukaacha kutia mafuta injini yenyewe inakushikilia, breki unagusa tu. Ndiyo maana nataka mipigo minne, siyo ushamba.

Halafu kuna kundi la "chukua cc 450 mkuu, hizo ndogo utazichoka mwezi mmoja". Nyie mmewahi kuinua pikipiki iliyolala kwenye tope mkiwa peke yenu, tena kwenye mwinuko? Wengi wenu mnaziangalia kwenye simu tu.

Na hizi za stika! Imebandikwa 250 kubwaaa kwenye tanki, fundi akisogea anacheka, injini ni ukoo wa ile CG ya Honda ya 1976, valvu zinasukumwa na vijiti, ileile iliyojaa kwenye bodaboda. Mimi CG siidharau, spea kila kona na fundi yeyote anaifungua amefumba macho, lakini basi niuzie kwa bei ya CG, siyo bei ya Mjapani!

Mwingine tena nimefika kwake injini ishapashwa moto ili nisijue kama inasumbua kuwaka ikiwa ya baridi, nagusa bomba la moshi nusu niungue, anasema "nimetoka kuiosha bosi". Kuosha gani kunachemsha injini? Nikamwambia tuizime tukanywe chai ipoe niiwashe mwenyewe, ghafla ana safari. Namba ya chesi na ya kwenye kadi nazo hata hakutaka nizilinganishe.

Sasa sikilizeni, mwenye Serow, XR au hata XL iliyotunzwa, kadi iko jina lake, anitumie picha ya injini pande zote mbili na ya namba ya chesi, bei aiandike hapahapa siyo "njoo inbox", nitakuja na fundi wangu na hela naitoa nikishaiwasha ikiwa ya baridi. Kishika uchumba situmi tena kwa mtu. Wa 450 piteni mbali.