Maneno ya duka la vepu: MTL, mod, 510, "nic salt"... yana maana gani na yametoka wapi?

Zuhura_Kisauni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimepata kazi ya kuuza kwenye duka la vepu (sigara za kielektroniki) huku Nyali, wiki hii ndiyo naanza. Mimi mwenyewe sivuti chochote, nilikuwa nauza vipodozi. Tajiri kanionyesha rafu, kanikabidhi funguo, kaniambia "utazoea tu".

Shida ni wateja, wana lugha yao. Jana kaja kijana anataka koili ya "sub-ohm" ya "mod" yake, uzi wa 510. Wa pili akaniuliza juisi ni "salt" au "freebase". Wa tatu akasema, "Mimi ni MTL." Nikamwambia karibu sana MTL, nikidhani ndilo jina lake. Wenzake walicheka mpaka wakashika kaunta.

Kwenye maboksi nako: VG 70, PG 30, 18650, RDA, Kanthal. Nimetafuta mtandaoni, kila ukurasa unaeleza neno moja kwa maneno mengine matano nisiyoyajua. Naomba anayejua anieleze kwa Kiswahili, na kama inawezekana aniambie neno limetoka wapi. Nikijua asili ya neno, halinitoki tena kichwani.

FundiWaya_Majengo

Waleikum salam dada Zuhura, na hongera kwa kazi. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Vijana wa vepu huniletea vifaa vyao kwa sababu ndani ni mambo yale yale ninayoyajua: betri, waya, lehemu na mawasiliano yaliyoingia kutu.

Kabla ya kuingia kwenye orodha yako, shika hili. Maneno ya vepu yana wazazi wawili. Kuna yaliyozaliwa kwenye meza ya fundi, na kuna yaliyozaliwa ofisini kwa watu wa mauzo. Ya fundi yanakuambia kifaa kinafanya nini. Ya watu wa mauzo yametengenezwa ili usiulize zaidi. Ukijua neno limezaliwa wapi, unajua uliamini kiasi gani.

Nianze na "vape" lenyewe. Ni kipande cha neno la Kiingereza "vapour", mvuke, ambalo nalo ni la Kilatini. Mwaka 1983 mwandishi wa Uingereza Rob Stepney aliandika katika jarida la New Society kuhusu sigara ya kufikirika isiyochoma tumbaku, na humo ndimo "vaping" inapoonekana mapema. Wazo lilikuwepo hata kabla: Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini haikufika madukani. Aliyeifikisha ni Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Chapa yake iliitwa Ruyan, maana yake "kama moshi". Kufikia 2014 kamusi za Oxford zililichagua "vape" kuwa neno la mwaka.

Ila kifundi neno hilo linadanganya kidogo. Mvuke wa kweli huuoni kwa macho. Kinachotoka kwenye vepu ni ukungu, matone madogo mno yanayoelea. Nimetengeneza sana mashine za moshi za kumbi za harusi. Humo mna pampu, hita, na maji yaliyochanganywa na glikoli. Fungua vepu, utakuta mdogo wake.

Hapo hapo tumalize VG na PG, majimaji mawili yanayofanya sehemu kubwa ya juisi. VG ni gliserini ya mimea, nzito na tamutamu, ndiyo inayotoa wingu kubwa. PG ni propilini glikoli, nyepesi, hubeba ladha na hukwaruza koo. Kule kukwaruza wao hukuita "throat hit", na mvutaji aliyetoka kwenye sigara hukutafuta kwa sababu koo lake limezoea kuchomwa. VG 70 PG 30 ni asilimia tu. Anayetaka mawingu humpi ya nusu kwa nusu, na kifaa kidogo chenye tundu jembamba hukipi VG nyingi, kwa kuwa majimaji mazito hayafiki kwa wakati kwenye utambi, yaani pamba inayoilisha koili (waya unaopata moto), utambi unakauka na mteja anarudi na kikohozi na maneno makali. Mvuto huo wa pamba iliyoungua ndio "dry hit".

Sasa "mod". Ni ufupisho wa "modification", kufanyia marekebisho. Vepu za mwanzo zilifanana na sigara, na betri yake ilikuwa ndogo, inaisha kabla mtu hajamaliza mazungumzo. Wavutaji wakachoka, wakaanza kuunda za kwao, wengine kwa kutumia mwili wa tochi. Uingereza, mwaka 2008, ndugu wawili Matt na Ted Rogers walitoa chao walichokiita Screwdriver. Leo mod inatoka kiwandani Shenzhen, China, ikiwa imefungwa plastiki na hakuna aliyerekebisha kitu, lakini jina limebaki.

Mods hizo ndizo zilizoleta 18650. Watu wanaitamka kama namba ya siri, kumbe ni kipimo: kipenyo mm 18, urefu mm 65, na ile sifuri ya mwisho ni alama ya umbo la mviringo. Ni betri ile ile iliyomo kwenye laptopu za zamani, na hapa dada nakuomba uwe mkali. Vijana wanang'oa betri za laptopu wanazitia kwenye mod. Betri ya laptopu imeundwa itoe umeme polepole. Angalia hesabu hii. Betri ikijaa ina volti 4.2. Ukiwa na koili ya omu 1.2 (omu ni kipimo cha upinzani, jinsi waya unavyouzuia umeme), inavuta ampea 3.5, si mbaya. Weka koili ya omu 0.3, inavuta ampea 14. Betri isiyoundwa kwa kazi hiyo inapata moto, na ikipata moto ikiwa mfukoni mwa suruali, sina haja ya kueleza.

Na hiyo ndiyo "sub-ohm": koili iliyo chini ya omu 1. Georg Ohm alikuwa mwalimu Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Upinzani ukipungua, umeme unaongezeka, joto linaongezeka, wingu linakuwa kubwa. Wanaoshindania ukubwa wa wingu huitwa "cloud chasers", wafukuza mawingu, na ndio watakaokupa biashara ya pamba na waya.

Waya wenyewe: Kanthal ni jina la kampuni ya Uswidi. Limeunganishwa kutoka jina la mvumbuzi, Hans von Kantzow, na mji wa Hallstahammar. Ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na aluminiamu, na ulikuwa ukitumika kwenye tanuri na hita miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuvuta.

510 ilikuwa namba ya modeli ya kampuni ya Joyetech. Zilikuwepo na 801 na 901, kila moja na uzi wake, yaani mikato ya skrubu ya kuungia tangi la juisi na betri. Uzi wa 510 ukashinda, kila kiwanda kikaunakili. Ndiyo maana tangi la kampuni moja linakaa kwenye mod ya kampuni nyingine. Ni bahati, maana kwenye chaja za simu tuliteseka miaka.

"Atomizer" ni chumba chenye koili. Neno ni la zamani, lilitumika kwa vichupa vya kupulizia marashi. Uliuza vipodozi, kwa hiyo umeshayashika mengi. RDA ni atomaiza ya kujijengea unayodondoshea juisi kwa mkono: R ni ya kujenga upya, D ni ya kudondosha. Ukiona RTA, T ni tangi. Wakati fulani waliunganisha maneno ovyo, "cartomizer", "clearomizer" (hii ya pili ni atomaiza ya kuonea ndani tu), lakini hutayasikia sana siku hizi.

MTL, yule mgeni wako, maana yake mdomoni kisha mapafuni, kama mvutaji wa sigara. DTL ni moja kwa moja mapafuni, kama mvutaji wa shisha. Ukimwuliza mteja "unavuta kama sigara au kama shisha?" atakuheshimu, na hutahitaji herufi zozote.

Nimebakisha "salt", kwa sababu hiyo inatoka ofisini na inataka nafasi yake. Nafunga duka kwanza, nitarudi usiku.

Kevo254

Fundi hapa umepiga darasa. Lakini tuseme ukweli, wateja wengi sahii hawajui mod wala RDA. Wanataka ile ya kutupa, imeandikwa "puffs" elfu kadhaa, ladha ya embe na barafu. Mwambie dada ajue hiyo kwanza, ndiyo inauza.

FundiWaya_Majengo

Kweli Kevo, na hiyo "puffs" ndiyo mfano wangu wa neno la mauzo. Mvuto mmoja ni kipimo gani? Mashine ya maabara inavuta kwa sekunde ilizopangiwa, wewe unavuta upendavyo. Chukua zile ndogo zilizojaa Uingereza kabla hawajapiga marufuku za kutupa mwezi Juni 2025: mililita 2, boksi linasema mivuto 600. Gawanya. Ni kama thuluthi moja ya sehemu ya mia ya mililita kwa mvuto. Anayevuta kwa nguvu hafiki 600 hata kwa dua. Dada, mteja akikuuliza itadumu siku ngapi, usimsomee boksi. Mwambie mililita na asilimia ya nikotini, hizo angalau zinapimika.

Sasa "salt". Hakuna chumvi ya mezani humo. Ni kemia ya sekondari: asidi ikikutana na besi, unapata chumvi. Nikotini ni besi. Ikiwa peke yake, huru, ndiyo "freebase", na ikiwa nyingi inachoma koo, kwa hiyo mtu anajizuia mwenyewe. Juul, chapa ya vepu, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ilichanganya nikotini na asidi ya benzoiki. Ukali ukapungua, na kwa kuwa koo halilalamiki tena, ikawezekana kuweka nikotini ya asilimia 5. Ulaya na Uingereza kikomo ni miligramu 20 kwa mililita, yaani asilimia 2. Ukiona boksi limeandikwa "5%" ukadhani ni kidogo kwa sababu tano ni namba ndogo, umeshanaswa na watu wa mauzo.

BinMutrah

Nawasoma kutoka Muscat, kwetu asili ni Zanzibar. Huku kuuza vepu ni marufuku, lakini nina la kuongeza juu ya hiyo asidi ya benzoiki. Fundi, jina hilo ni la nyumbani! Waarabu waliita utomvu wa miti ya Sumatra "luban jawi", ubani wa Java. Wazungu wakadhani ile "lu" ya mwanzo ni kiambishi, wakaikata, ikabaki "benjui", kisha "benzoin", na asidi iliyopatikana humo ikaitwa benzoiki. Siku hizi viwanda huitengeneza kutoka kemikali za mafuta, lakini jina ni lile lile la ubani wetu. Sokoni Mutrah jawi bado inauzwa kwa uzani, mama yangu hufukiza nayo.

Na nikotini ni jina la mtu: Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyepeleka tumbaku Paris mnamo 1560. Shisha nayo ni neno la Kiajemi, kioo, kwa ajili ya lile chupa la maji.

Sista_Wodi7

Maneno mawili ambayo duka halitakufundisha, Zuhura. EVALI ni kifupi kilichotungwa na madaktari wa Marekani mwaka 2019 kwa maradhi ya mapafu yaliyolaza wagonjwa zaidi ya 2,800 na kuua 68 kufikia Februari 2020. Chanzo kikubwa kilikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotiwa kwenye vepu za bangi za magendo. Ndiyo maana juisi isiyo na lebo usiiuze hata kama tajiri anasema "ni safi".

"Popcorn lung" si neno la vepu kwa asili. Lilitoka kwenye kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, ambako mwaka 2000 iligunduliwa kwamba wafanyakazi waliharibika njia ndogo za hewa kwa kuvuta diasetili, kemikali ya ladha ya siagi. Diasetili imewahi kukutwa kwenye juisi za vepu pia. Kwa hiyo ukiona ladha za kastadi na siagi, mwulize msambazaji. Na mtoto wa shule akija na sare imefichwa chini ya jaketi, mwambie hapana. Nikotini inamshika mapema kuliko mtu mzima.

Zuhura_Kisauni

Jamani, ahsanteni, Mungu awalipe. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Yule MTL karudi leo, nikamwuliza "kama sigara, sivyo?", akanyamaza kidogo halafu akanunua mbili. Sista, nimekusikia, ya lebo nitasimamia.

Fundi, moja la mwisho: kuna mod inaonyesha "TC" kwenye kioo, na mteja analalamika haifanyi kazi na koili yake.

FundiWaya_Majengo

TC ni udhibiti wa joto. Mod haina kipimajoto humo. Inapima upinzani wa waya, kwa sababu waya wa nikeli, titani au chuma cha pua ukipata moto upinzani wake hupanda, na mod inakisia joto kwa kupanda huko. Kanthal upinzani wake haubadiliki kiasi cha kupimika, kwa hiyo mod haioni kitu. Angalia koili yake imeandikwa nini. Ikiwa ni Kanthal, mwambie arudishe mod kwenye hali ya wati, anapochagua nguvu badala ya joto. Akitaka TC, muuzie ya SS316, ambayo ni chuma cha pua. Akishaikaza, aiache koili ipoe kabisa, ndipo asome upinzani wa mwanzo kwenye mod. Wengi huruka hatua hiyo halafu huniletea mimi.