PPA zinagoma baada ya kupandisha Ubuntu 22.04 hadi 24.04

kibodi_kavu
Wakuu, baada ya kupanda hadi 24.04 (noble) niliwasha tena PPA mbili (hazina za programu zisizo rasmi za Ubuntu) zilizokuwa zimezimwa, nikabadilisha jammy (jina la 22.04) kuwa noble. Sasa `sudo apt update` inatoa 404 na "does not have a Release file". Repo (hazina ya programu) ya tatu inalalamika NO_PUBKEY, yaani apt haina ufunguo wa kuhakiki sahihi yake. Nifute kila kitu ndani ya `/etc/apt/sources.list.d`?

fundi_mizizi
Usifute vyote! Kwenye 24.04 hazina rasmi za Ubuntu nazo zimo humo, kwenye `ubuntu.sources`. Ikiondoka hiyo, hata masasisho ya usalama hupati.

404 maana yake mwenye PPA hajatengeneza vifurushi vya noble. Usirudishe jammy ili kosa lipotee: jammy ina Python 3.10, noble ina 3.12, na vifurushi vingi vitakwama kwenye "unmet dependencies" (vinakosa vifurushi vingine vinavyovihitaji). Zizime: `Enabled: no` kwenye faili la .sources, au `#` mwanzoni mwa mstari kwenye .list.

mama_seva
Kuzima hakuondoi programu zilizokwisha kuingia, na hapo ndipo wengi huumia baadaye. `ppa-purge` hurudisha matoleo ya Ubuntu, ila inahitaji orodha ya vifurushi vya PPA, na PPA yenye 404 haina orodha. Fanya kwa mkono:

`apt list --installed | grep local`

Kila jina litakalotokea, lipime kwa `apt policy jina`. Toleo lenye `*` likiwa na `/var/lib/dpkg/status` peke yake chini yake, limebaki yatima, halitasasishwa tena. Kama Ubuntu inalo la kwake, nakili namba yake:

`sudo apt install jina=toleo`

Apt haishushi toleo yenyewe, labda kipaumbele kifike 1000. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y.

fundi_mizizi
Kuhusu NO_PUBKEY, achana na `apt-key`. Ufunguo uliowekwa kule unaaminiwa kwa hazina zote, hata za Ubuntu yenyewe. Chukua ufunguo kwenye tovuti ya wenye programu, uweke `/etc/apt/keyrings/`, kisha andika hivi kwenye faili la .sources la repo hiyo:

```
Types: deb
URIs: https://anwani-ya-repo
Suites: noble
Components: main
Signed-By: /etc/apt/keyrings/jina.asc
```

Ufunguo ukianza na `-----BEGIN PGP`, jina la faili lake liishie `.asc`; ukiwa wa baiti tupu, `.gpg`. Ukikosea hapo, apt inaukataa. Halafu `chmod 644`, kwa sababu anayeusoma ni mtumiaji `_apt`, si root.

kibodi_kavu
404 zimeisha. Hiyo repo ya tatu naihitaji kwa programu moja tu. Naizuiaje isilete mengine?

mama_seva
Faili jipya ndani ya `/etc/apt/preferences.d/`:

```
Package: *
Pin: origin "jina-la-seva"
Pin-Priority: 100

Package: programu-yako
Pin: origin "jina-la-seva"
Pin-Priority: 500
```

Usiandike `https://` kwenye origin. Hakikisha kwa `apt policy`: seva hiyo isome 100.