Tupeane uzoefu: Babu na bibi walikuja manamba (vibarua wa mkataba mashamba ya mkonge), wakalea watoto wasiowazaa. Kwenu ukoo mnauandikaje?

Mwana_Mkonge
Wakuu salaam. Juzi tumemzika shangazi yangu, Korogwe. Msoma wasifu akasimama, "marehemu ni mtoto wa pili wa mzee fulani na mkewe, waliojaliwa watoto wanne." Wazee wa kambini wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka kabisa, msibani! Maana pale kila mtu anajua Babu na Bibi hawakujaliwa hata mmoja.

Babu alikuwa Mrundi, aliletwa na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, miaka ya arobaini: treni kutoka Kigoma mpaka Morogoro, halafu lori. Bibi alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, ana nembo (chale) usoni na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, mdomo wa juu. Walikutana kwenye foleni ya posho. Hawakupata mtoto, wakawa wanaokota. Baba yangu ni wa Mbena aliyefia kwenye uzazi. Shangazi mama yake alikuwa Mmawia, alipanda lori na mwanaume mwingine hakurudi. Ami wa tatu hatujui kabisa. Wa mwisho ni Msambaa wa hapohapo, aliletwa na bibi yake mzaa mama kwa sababu ya njaa.

Sasa vijana wanataka tuandike ukoo kwenye daftari kabla wazee hawajaisha. Tunaanzia wapi? Tuandike damu au tuandike nyumba? Na kama kuna mtu wazee wake walikaa kambi za upande wa Korogwe na Muheza miaka ya hamsini, ajitokeze, natafuta majina ya wanyapara.

chuma_ulete
Naweka kiti hapa.

Fundi_Singa
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Nimezaliwa mita chache kutoka korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, nikisikia mpaka leo mashine inasaga kitu nageuka. Watu wa siku hizi hawaelewi watoto walikuwa wanabakije. Mtu ana kipande, yaani kadi ya kazi, anatakiwa afikishe siku thelathini za kazi ndipo alipwe. Akiugua kipande hakitembei. Mkataba ukiisha wengine wanarudi Songea, Njombe, Kasulu, wengine wanahamia shamba lenye mnyapara mpole. Mtoto mchanga kwenye lori siku tatu nne? Anaachwa kwa jirani, "nitamfuata." Halafu bei ya mkonge ikaporomoka baada ya uhuru, nyuzi za plastiki zikaingia, makambi yakafa, watu wakatawanyika kulima mihogo. Nani amfuate nani tena.

Kwetu kulikuwa na mama mmoja alilea saba. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Mpwa wa Mngoni
Nilikuwa nasoma kimyakimya lakini hii siwezi kupita. Ni ndefu, mnivumilie.

Baba yangu mzazi wake wa damu ni Mngoni. Alikuja na mkewe, mke akafa kambini, yeye akaondoka kutafuta kazi mashamba ya Kilosa, ikawa ndiyo basi. Baba alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Akachukuliwa na jirani, Mrundi, ambaye ndiye Babu ninayemjua mimi. Jina la Babu ndilo la baba, ndilo tulilosomea mimi na kaka yangu. Mzee yule alitoka kambini akafyeka pori upande wa Handeni, akalima mahindi mpaka mgongo ukapinda. Sisi tumekula jasho lake. Kila asubuhi akitoka nje anatuamkia "amahoro", na sisi tunajibu "amahoro". Kirundi chetu chote ni hicho.

Miaka imepita, naenda ofisi moja, siitaji, kufuatilia karatasi nipate kazi. Kijana wa dirishani anauliza vizuri tu. Jina la baba. Amezaliwa wapi. Jina la babu mzaa baba. Amezaliwa wapi? Nikasema Urundi. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kaa pale kwenye benchi.

Nimekaa toka saa mbili mpaka wanakwenda kula. Akatoka mwingine, mtu mzima, ana miwani, akapita mbele yangu kama hana habari na mimi, halafu akageuka ghafla: "Amahoro!"

Wakuu, mdomo wangu ulijibu wenyewe. "Amahoro."

Akacheka akaandika. Niliona kabisa anaandika. Nikaanza kueleza kambi, Mngoni, Kilosa, mke aliyekufa, nikawa naona jinsi maneno yangu yanavyozidi kunitia shimoni, maana mwongo naye ndivyo anavyoeleza. Wakaniambia kama wewe ni Mngoni lete Wangoni.

Nikaenda Ruvuma. Nina jina moja tu la mtu, la babu wa damu, na jina la misheni alikobatizwa, baba alikuwa nayo kichwani. Padre akanifungulia vitabu vya ubatizo, vile vikubwa, wino umegeuka kahawia. Jina lipo. Jina la baba yake lipo, la msimamizi wa ubatizo lipo. Kutoka hapo nikaelekezwa kijiji, nikamkuta mzee kipofu, mtoto wa mdogo wake marehemu. Akanishika masikio. Akasema, "Huyu tulishamlilia." Walikwisha fanya matanga yake zamani, bila maiti, wakajua kafia manamba.

Wakaitisha kikao cha ukoo, muhtasari ukaandikwa, mtendaji akagonga mhuri. Nikarudi nao ofisini nikidhani yamekwisha. Bado. Hati ya kiapo. Karani akaichapa, akanisomea: "kwamba mzee niliyemtaja awali kuwa babu yangu hana uhusiano wowote na mimi." Nikamwambia andika hana uhusiano wa damu. Akasema mzee, fomu ndivyo ilivyo, unasaini au husaini, kuna watu nyuma yako.

Nilisaini. Nina watoto wanakula. Na ningesaini tena.

Kaka yangu alipoiona nakala hajanisemesha mpaka leo. Yeye amebaki na jina la Babu. Ameniandikia ujumbe mmoja tu: aliyekwenda kutafuta ukoo Songea, akalime Songea. Shamba la Handeni ndiyo kalikalia.

Nangonyani
Hapo kwenye "huyu tulishamlilia" nimeweka simu chini.

kisu_butu
Pole, ila tuseme ukweli, Warundi wengi humu mnajificha kwenye hizi hadithi. Kila mmoja babu yake "Mngoni aliyepotea."

Fundi_Singa
@kisu_butu wewe kabila lako lilishuka mbinguni? Huo mkonge uliojenga Tanga walikata akina nani, Waswidi?

kisu_butu
Nimegusa kidonda. Sijatukana mtu.

Mpwa wa Mngoni
Mwache. Nimeshaulizwa na wenye mihuri, yeye hana hata penseli.

Wakili wa Porini
Wadau, tutenganishe. Siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja ni yule ambaye na mzazi wake mmoja angalau alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo babu aliyezaliwa Urundi, iliyokuwa chini ya Mbelgiji, hakuingia mlango huo, ilibidi aombe. Wangapi wa makambini waliomba? Baba yako kwa damu alikuwa salama kabisa. Kilichomtia nuksi ni wema wa jirani.

Na kisheria mzee yule hakumwasili mtu. Kuasili kunapita Mahakama Kuu, ipo mpaka kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Babu alilea tu. Kwa hiyo hati yako si ya uongo, ni ya ukatili.

Ila kwenye shamba kaka yako asijifurahishe sana, kwa sababu hoja ya damu ikikutoa wewe inamtoa na yeye. Hilo shamba litabaki la Mrundi asiye na warithi. Mwambie hivyo.

Mama Shufaa
Mwambie kwa upole lakini. Ndugu hawapelekani kwa wakili.

Ustadhi_Pangani
Kwa sisi Waislamu jambo hili lilishaamuliwa. Waiteni kwa baba zao. Mtoto wa kulea habadilishwi nasaba na harithi. Mlezi akitaka ampe kitu angali hai, au aandike wasia usiozidi theluthi. Watu wakifuata hivyo hakuna kesi.

Nangonyani
Ustadhi, na yule asiyejulikana baba yake aitwe nani? Ami yake mleta mada hajulikani kabisa.

Ustadhi_Pangani
Aya yenyewe imejibu: ni ndugu zenu katika dini. Wengi huitwa bin Abdallah, kila mtu ni mja wa Mungu.

chuma_ulete
Ndiyo maana kambini kwetu kulikuwa na akina Abdallah wengi hivyo!!

Mama Shufaa
Sisi tulilelewa na mzee Mmanyema, hakutuandikia wasia wala nini, na ndugu zake wa Ujiji walipokuja kwenye arobaini walibeba mpaka mlango. Mlango! Dini haikusema mlango.

Ustadhi_Pangani
Hao walikuwa wezi tu dada yangu.

Bint Kwale
Nasoma nikiwa Msambweni, Kenya. Kwetu ilikuwa kinyume cha huyo ndugu wa hati ya kiapo. Nyanya na babu ni Wamakonde, walikuja kwa mkonge, halafu wakawa vibarua wa miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka kikafungwa. Walizaa watano na wakalea mmoja, msichana Mdigo, yatima. Basi miaka yote hiyo huyo yatima ndiye aliyekuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa, peke yake! Wamakonde tulikuwa si watu mpaka 2016, baada ya ile safari ya miguu kwenda Nairobi kudai uraia, ndipo tukahesabiwa kabila la 43. Kabla ya hapo laini za simu za boma zima kwa jina la shangazi Mdigo. Akaunti ya benki, jina lake. Ploti, jina lake. Mtoto wa kuokotwa ndiye alikuwa serikali yetu.

Hajawahi kuleta ukorofi. Ila wajukuu zake siku hizi wameanza kuuliza hati iko wapi.

Wakili wa Porini
Badilisheni hati angali hai. Leo.

Mama Shufaa
Msibadilishe haraka, ataona hamumwamini.

Kyaggwe_Boy
Huku Buganda mambo yalikwisha kitambo. Babu yangu Mrundi alikuja kuchuma pamba na kahawa ya Waganda, wengi walikuja hivyo na Wanyarwanda pia. Aliyekuwa anamlimia akamkaribisha kwenye ukoo wake, akapewa jina la Kiganda, watoto wote aliowazaa na aliowalea wakaingia ukoo wa mbega. Basi mwiko wetu hatuli mbega, kana kwamba kuna mtu alikuwa na mpango huo. Ukiuliza wazee habari za Urundi wanaangalia pembeni. Sijui kama ni bora.

Ulyankulu Mjini
Sisi wakimbizi wa Burundi wa 1972 tuna yetu. Mama alimbeba mtoto wa kike njiani, mamake alikuwa kalala hajibu. Akaandikwa kwenye kadi yetu ya familia, akakua nasi kwenye tumbaku, vyeti vya uraia vilipotoka 2014 na yeye akapata kwa jina letu. Wale waliorudi Burundi kabla ya hapo walimtafutia itongo (shamba la ukoo) la baba yake, wapi. Hana jina la kilima, yaani kijiji cha kwao. Huko bila kilima huna pa kuanzia. Kwenye daftari letu tumemwandika kwa wino uleule kama wengine, na pembeni "alipatikana njiani, Mei au Juni 1972." Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe.

Mwana_Mkonge
Hii ya pembeni naiiba. Damu pembeni, nyumba katikati.

dokta_feki
Pimeni DNA mmalize.

Wakili wa Porini
Kwa Mkemia Mkuu huingii na mate yako mkononi mkuu. Ombi linapitia wakili, ustawi wa jamii, mahakama, polisi au mkuu wa wilaya. Na yule Mbena aliyefia kambini utamlinganisha na nani?

dokta_feki
Na Wabena wote. Njombe hapo si mbali.

Nangonyani
😂😂

Fundi_Singa
Mleta mada, achana na maabara. Kaanze na kopo. Kila mzee wa manamba alikuwa na kopo la Kimbo au mkebe wa biskuti: kipande, risiti ya kodi, kadi ya TANU. Kadi za kodi zinaandika kijiji cha mtu na mtemi wake. Halafu misheni. Halafu wazee waliocheka msibani, hao ndio maktaba yako, wapelekee sukari kabla mvua hazijaanza.

Mpwa wa Mngoni
Na usiseme unataka kuandika. Sema umekuja kusalimia.

kisu_butu
@Mpwa wa Mngoni kaka yako umemtumia ile hoja ya wakili?

Mpwa wa Mngoni
Nimemtumia. Ameisoma, tiki mbili za bluu. Hajajibu.

Mama Shufaa
Nenda na mama yenu. Usiende na hoja.

Mwana_Mkonge
Uzi wangu umetekwa lakini sawa. Narudia: wanyapara wa kambi za Korogwe na Muheza, miaka ya hamsini. Babu yangu alikuwa mfupi, jino la mbele halipo, alipiga zeze.

Mzee wa Magoma
Huyo wa zeze namfahamu kwa kusimuliwa. Mnyapara wake alikuwa baba yangu mzazi, na ameondoka duniani anamdai posho ya mwezi mzima. Njoo PM, na yule mtoto asiyejulikana baba yake pia tumzungumzie hukohuko.

chuma_ulete
Hapana, hapana, semeni hapahapa!!