Kusafiri Canal du Midi kwa boti, mwenye uzoefu anisaidie

Wakuu, mimi na waifu tunaishi Lyon, mwezi wa sita tunataka kukodi boti tupite Canal du Midi, ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa. Leseni ya boti sina, inawezekana?

Jibu 1: Inawezekana kabisa mkuu, boti za kukodi hazidai leseni, wanakufundisha pale pale kabla hujaondoka na mwendo wenyewe ni kilomita 8 kwa saa. Anzieni Castelnaudary mshuke mpaka Carcassonne, ila mjue milango ya maji (inayopandisha na kushusha boti) ni mingi na mchana walinzi wa milango wanafunga waende kula kwahiyo msijibane na ratiba. Pale Castelnaudary kuleni cassoulet, maharage meupe na bata, ila inawekwa nguruwe pia, kama hamli ulizeni kwanza.

Jibu 2: Fikeni na Béziers mkaone Fonserannes, milango imepangana kama ngazi boti inashuka mita 21 hivi, na mfereji wenyewe Riquet, aliyeubuni, alianza kuujenga 1667! Kinachoniuma ni ile miti ya platani ya kando ya mfereji, kuvu imeiua, sehemu nyingi wameikata hakuna kivuli, bebeni kofia.

Jibu 3: Baiskeli nayo safi, kutoka Toulouse mpaka Port-Lauragais njia ina lami, mbele ya hapo lami inaisha.